30 Februari si kosa la uchapaji: jinsi ya kuusoma mwaka 3019 wa Tolkien siku kwa siku

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kikundi chetu cha kusoma kimemaliza The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien, na kila tukikutana tunabishana jambo lilelile. Kundi la wasafiri likishatawanyika hadithi inagawanyika, na sisi tunapotea. Mji wa Minas Tirith unapozingirwa, Frodo na Sam, mahobiti wanaopeleka Pete ikaangamizwe, wako wapi hasa? Tulifungua orodha ya tarehe iliyo nyuma ya kitabu ili tuamue, tukakuta mwaka 3019 una tarehe 30 Februari. Ni kosa la uchapaji? Na tufanyeje ili tuione hadithi yote kwa pamoja?

JIBU: Marahaba. Si kosa la uchapaji, na nawaomba msiifute hiyo tarehe. Februari ya mwaka ule ina siku 30, sawa na Januari yake, Machi yake na miezi mingine yote. Orodha mliyoifungua imefuata kalenda ya Shire, nchi ya mahobiti, wale watu wafupi, na mahobiti wana miezi 12 ya siku 30 kila mmoja. Hizo ni siku 360. Siku 5 zinazobaki hazimo ndani ya mwezi wowote: mbili ni za Yule, yaani siku ya kufunga mwaka na siku ya kufungua mwaka mwingine, na tatu zimekaa baina ya Juni na Julai, ile ya kati ikiwa ndiyo Siku ya Nusu ya Mwaka. Mwaka mrefu huongezewa siku moja papo hapo katikati. Kwa mtu wa pwani hesabu hii si ngeni sana. Mwaka wa kale wa wakulima na mabaharia wa Kiswahili, ule unaoanza Siku ya Mwaka au Nairuzi, nao una miongo 36 ya siku kumi kumi, kisha siku 5 za ziada.

Mahobiti waliongeza ufundi mmoja: Siku ya Nusu ya Mwaka, na ile ya mwaka mrefu, hazihesabiwi katika juma. Kwa hiyo tarehe na siku ya juma zimefungwa pamoja daima. Mwaka huanza Jumamosi na kwisha Ijumaa, kila mwaka bila kubadilika. Mnaweza kuhakiki: sherehe ya hobiti Bilbo ya tarehe 22 Septemba, inayofungua kitabu, inatajwa kuwa Alhamisi, na ukihesabu kwa kalenda hii unapata Alhamisi kweli. Kwa hesabu hiyohiyo, 25 Machi, siku Pete ilipoangamia, ilikuwa Jumapili.

Kama bado yupo anayebisha kuhusu miezi ya siku 30, mpelekeni kwenye uwanja wa Cormallen. Sam anazinduka baada ya usingizi mrefu, anauliza leo ni siku gani. Mzee Gandalf anamjibu kwamba ni siku ya 14 ya Mwaka Mpya, au ukipenda, 8 Aprili kwa hesabu ya Shire. Mwaka Mpya wa Gondor, nchi ya Minas Tirith, anaeleza, utaanza tangu sasa 25 Machi. Hesabuni kwa vidole: 25 Machi ni siku ya kwanza, 30 Machi ni ya sita, 1 Aprili ni ya saba, 8 Aprili ni ya kumi na nne. Mkiingiza 31 Machi mnapata kumi na tano, na Gandalf anakuwa amekosea. Hakukosea.

Sasa swali lenu la pili, ambalo ndilo kubwa. Chanzo cha kupotea kwenu ni umbo la kitabu. Riwaya hii ilitoka katika majuzuu matatu mwaka 1954 na 1955, lakini ndani yake ina vitabu sita, na kuanzia cha tatu saa inarudishwa nyuma tena na tena. Kitabu cha tatu kinaanza 26 Februari na kuishia usiku wa 5 kuamkia 6 Machi, Gandalf akiwa mbioni na hobiti Pippin juu ya farasi. Cha nne kinarudi hadi siku za mwisho za Februari, kinamfuata Frodo peke yake, na kuishia 13 Machi anapotekwa. Cha tano kinarudi tena: kinaingia Minas Tirith 9 Machi, halafu mlango wake wa pili unarudi hadi tarehe 6 kumfuata Aragorn, mrithi wa kiti cha ufalme, ndipo kinakwenda moja kwa moja hadi 25 Machi. Cha sita kinarudi 14 Machi kumkuta Sam nje ya mnara. Msomaji anayefuata kurasa tu ameshavuka 10 Machi mara mbili tatu bila kujua kwamba ni siku ileile.

Dawa yake ni jedwali. Tolkien mwenyewe alichora majedwali ya namna hii, safu kwa kila msafiri, na karatasi zake za riwaya hii zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Marquette, Milwaukee, ambako aliziuza miaka ya 1950. Chukueni karatasi kubwa ya manila, au mbili za A3 mziunganishe kwa gundi, mchore mistari 30 ya kulala. Si zaidi. Siku zinazowatatiza ni kuanzia 26 Februari, kundi lilipotawanyika, hadi 25 Machi: siku 5 za Februari na 25 za Machi, jumla 30 kamili. Wengi huanza na Januari kwa sababu mwaka unaanza Januari, wanachoka kabla hawajafika penye utamu. Januari na nusu ya kwanza ya Februari wasafiri wote wako pamoja isipokuwa Gandalf, na hapo hakuna cha kuoanisha.

Safu za kusimama ziwe nane. Ya kwanza, nyembamba, tarehe na hali ya mwezi angani. Kisha Frodo na Sam, Aragorn, Gandalf na Pippin, mfalme Théoden wa Rohan na hobiti Merry, Minas Tirith, yaani Liwali Denethor na mwanawe Faramir, Adui, yaani Sauron bwana wa Mordor, na ya mwisho Kaskazini. Denethor namwita Liwali kwa makusudi, kwa sababu ndiyo kazi yake: anashika nchi kwa niaba ya mfalme asiyekuwepo, na hasira yake yote kwa Aragorn inatoka hapo. Safu ya Adui msiiache hata kama itabaki na nafasi tupu nyingi. Bila hiyo jedwali litawaambia nani alikuwa wapi, lakini halitawaambia kwa nini.

Msijaze kuanzia juu kwenda chini. Anzeni na nguzo, yaani tarehe ambazo mwandishi amezifunga yeye mwenyewe kwa kitu kinachoonekana pande zote mbili za hadithi.

Nguzo ya kwanza ni mwezi mpevu. Usiku wa 7 kuamkia 8 Machi Pippin yuko juu ya farasi mbele ya Gandalf, anasinzia, mwezi unang'aa, na anajiuliza kama Frodo yu hai. Mwandishi anaongeza kwa upole kwamba Frodo, mbali huko, aliutazama mwezi uleule ukituwa nyuma ya Gondor kabla ya mapambazuko. Nendeni sasa kitabu cha nne, kwenye maficho ya Faramir nyuma ya maporomoko ya maji: Frodo anaamshwa gizani, anatolewa nje, na mwezi mpevu uko magharibi unazama juu ya milima myeupe. Sentensi mbili zilizo mbali kwa kurasa mia kadhaa zinakutana juu ya mwezi mmoja. Wekeni duara kwenye mstari wa 7 Machi, na mstari mmoja unaopita safu zote.

Mkishakuwa na duara hilo, hesabuni kurudi nyuma. Mwezi hukamilisha mzunguko kwa siku 29 na nusu, kwa hiyo mizunguko miwili ni siku 59. Kutoka 7 Machi rudini siku 59 kwa miezi ya siku 30 mnafika 8 Januari, siku wasafiri walipofika Hollin, na kitabu kinasema mwezi ulichomoza mpevu juu ya milima. Rudini siku 15 tu mnafika 22 Februari, na hapo ndipo Sam, ndani ya mashua mtoni, anashangaa kuona mwezi mwandamo mwembamba kama ukucha uliokatwa. Anashangaa kwa sababu anakumbuka usiku chache tu walizokaa Lórien kwa Waelfi, na mwezi unamwambia wamekaa karibu mwezi mzima. Waliingia Caras Galadhon 17 Januari, wakaondoka 16 Februari. Mwezi hausemi uongo, kumbukumbu ya Sam ndiyo iliyolewa.

Usidhani mambo haya yalijipanga yenyewe. Mei 1944 Tolkien alimwandikia mwanawe Christopher, aliyekuwa Afrika Kusini na jeshi la anga la Uingereza, kwamba amegundua miezi yake inafanya mambo yasiyowezekana: inachomoza upande mmoja wa nchi na kutua upande mwingine kwa wakati mmoja. Ilimgharimu mchana mzima kurudi kusahihisha milango iliyokwisha andikwa. Ndiyo maana nasema tarehe zake ziaminiwe.

Nguzo ya pili ni 10 Machi, Siku Isiyo na Alfajiri. Giza lilianza kumwagika kutoka Mordor jioni ya tarehe 9, na asubuhi yake jua halikuonekana Gondor wala Rohan. Hii ni rahisi kuipata kwa sababu kila safu inalitaja giza hilo.

Nguzo ya tatu na ya nne ziko mwanzoni mwa kitabu cha sita, na hizi mwandishi amewapa bure. Sam amesimama peke yake mlangoni pa mnara wa Cirith Ungol, hajui saa wala siku. Msimulizi anamwacha kidogo na kutuambia kwamba huko nje duniani ni adhuhuri ya 14 Machi: Aragorn anaongoza majahazi meusi kutoka Pelargir, Merry yumo njiani na wapanda farasi wa Rohan, na Pippin yuko Minas Tirith anatazama wazimu ukikua machoni mwa Denethor. Safu nne zinajazwa kwa sentensi moja. Kesho yake, 15 Machi, Frodo na Sam wameshatoroka na wako bondeni chini ya Morgai, ukingo wa milima ndani ya Mordor, wanapoona giza linasukumwa nyuma na upepo. Msimulizi anataja tarehe tena na kusema upepo ule ulikuwa unavuma kutoka kusini-magharibi, na kwamba wakati huo Théoden alikuwa anakata roho uwanjani Pelennor.

Hapo mna jibu la ubishi wenu. Lango la Minas Tirith lilivunjwa usiku wa manane wa kuamkia tarehe 15. Jogoo akawika ndani ya mji, na baragumu za Rohan zikamjibu kutoka nje. Sam alimpata Frodo ndani ya mnara tarehe 14, na asubuhi ya vita wako nje, wamevaa mavazi ya maorki, wanaanza safari ya kwenda kaskazini. Upepo uliowapa nuru ndio uliosukuma merikebu za Aragorn kuupanda mto. Upepo mmoja, safu tatu. Uchoreni kwa rangi.

Baada ya nguzo, jazeni yaliyobaki kwa orodha ya nyuma ya kitabu, safu baada ya safu. Ikiisha hiyo, geuzeni karatasi mtazame safu ya Adui, maana hapo ndipo jedwali linapolipa kazi yenu.

Usiku wa 5 Machi Pippin anachungulia jiwe la kuonea mbali, na Sauron anamwona hobiti. Asubuhi ya tarehe 6 Aragorn analichukua jiwe hilohilo ngomeni Hornburg, anajidhihirisha kuwa mrithi wa Isildur, mfalme wa kale aliyemnyang'anya Sauron Pete, na kumwonyesha upanga uliofuliwa upya. Mimi naihesabu saa hiyo kuwa tukio kubwa kuliko vita vyovyote vya mwezi ule, ingawa hatuoneshwi. Tunasimuliwa tu baadaye. Sauron anaamini, au anaogopa, kwamba mtu huyu anayo Pete au ataipata karibuni, na kwamba inampasa kupiga kabla mpinzani hajaizoea. Hesabuni: tarehe 6 jiwe, tarehe 9 giza, tarehe 10 jeshi la Minas Morgul linatoka likiongozwa na mfalme wa Nazgûl, mizimu watumishi wa Sauron. Siku nne tu. Na 10 Machi ni siku gani kwa Frodo? Ndiyo siku anayopita Njia Panda na kukaribia Minas Morgul. Analiona jeshi zima likipita chini yake. Lingekaa ndani ya bonde wiki moja zaidi, Frodo na Sam wangeingia katika bonde lililojaa askari. Aragorn hakujua Frodo yuko wapi, na Frodo hakujua Aragorn amefanya nini. Jedwali pekee ndilo linaloonyesha kwamba mmoja alimfungulia mwenziwe njia.

Halafu jambo hilohilo linarudiwa, safari hii kwa kujua. Tarehe 16 makamanda wanashauriana baada ya vita, na Gandalf anasema wazi kwamba kwa silaha hawawezi kushinda. Wajitoe kama chambo ili jicho la Adui litazame langoni kwake na si ndani ya nchi yake. Siku hiyohiyo Frodo yuko juu ya Morgai, anatazama tambarare baina yake na Mlima wa Adhabu, na tambarare yote ni kambi. Hapapitiki. Tarehe 18 jeshi la Magharibi linatoka Minas Tirith, watu wasiozidi 7,000. Tarehe 18 hiyo hiyo Frodo na Sam wanakutwa barabarani na kikosi cha maorki kinachokimbizwa kwenda vitani, wanachapwa viboko na kulazimishwa kukimbia nacho. Kwa nini kikosi kinakimbizwa? Kwa sababu majeshi yote yanavutwa kuelekea Lango Jeusi. Mateso yale ya barabarani ni dalili kwamba chambo kimeanza kumezwa. Siku chache baadaye Frodo anaivuka tambarare ileile, na kambi zimehamishwa.

Angalieni kwa karibu pia kile kitambo cha 25 Machi mbele ya Lango Jeusi. Mjumbe wa Sauron anafungua kitita na kutoa kimoja kimoja: upanga mfupi aliokuwa nao Sam, joho la kijivu lenye bizimu ya Kielfi, na deraya ya mithril ya Frodo. Pippin analia kwa sauti. Msomaji wa mara ya kwanza naye anaamini Frodo amekwisha, kwa sababu kitabu cha nne kilimwacha mikononi mwa maorki. Sasa tazameni jedwali. Vitu hivyo vilifikishwa Barad-dûr, ngome ya Sauron, na orki Shagrat tarehe 17. Frodo na Sam walitoroka tarehe 15. Mjumbe anajitapa kwa mateka ambaye bwana wake hajapata kumtia mkononi, na mzigo wake umepitwa na wakati kwa siku kumi. Wakati anaongea, wenye nguo zile wako mlimani.

Makosa ya kujaza jedwali ni machache lakini yanajirudia. La kwanza ni letu sisi Waswahili. Kwa hesabu yetu ya kimila siku huanza jua likichwa, na usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Orodha ya Tolkien haiendi hivyo. Siku inageuka usiku wa manane. Vita vya Hornburg vinaandikwa tarehe 3 kwa sababu vilianza usiku huo, ingawa viliisha mapambazuko ya tarehe 4. Aragorn alifika kwenye jiwe la Erech saa sita usiku, na imeandikwa tarehe 8. Mkitumia desturi yetu nusu ya vita vyote vitasogea siku moja.

La pili ni kuhesabu siku za safari kwa kujumlisha siku ya kuondoka. Éomer, mpwa wa Théoden, anastaajabu kwamba Aragorn, Legolas na Gimli wamekwenda ligi 45, yaani kama kilomita 217, kwa miguu kabla siku ya nne haijaisha. Waliondoka jioni ya 26 Februari, na jioni ile haihesabiwi. Siku nne ni 27, 28, 29 na 30, na ni 30 Februari ndipo Éomer alipokutana nao. Mtu aliyeifuta tarehe 29 na 30 akidhani ni kosa la mpiga chapa amewapunguzia siku mbili nzima, na mbio zao zinakuwa kilomita mia kwa siku. Hapo ndipo ile tarehe iliyowatatiza inapofanya kazi yake.

La tatu ni kuchanganya na filamu. Zile filamu tatu za 2001 hadi 2003 zimesogeza mambo: buibui mkubwa Shelob yumo katika filamu ya tatu, wakati katika riwaya anatokea mwishoni mwa kitabu cha nne, 12 na 13 Machi, na Faramir wa filamu anampeleka Frodo hadi Osgiliath, jambo ambalo riwayani halipo kabisa. Mjadala wenu ukianza kwenda mrama, ulizeni kwanza kama anayeongea anakumbuka kitabu au anakumbuka sinema.

Na msijaribu kuzigeuza tarehe hizi ziwe za kalenda yetu. Tolkien anaeleza kwamba 1 Januari yetu ingeangukia kama 9 Januari ya Shire, kwa hiyo 25 Machi yao ingekuwa yapata 18 Machi kwetu. Mkigeuza, mnaipoteza maana ya tarehe yenyewe, ambayo aliichagua kwa makusudi pamoja na 25 Desemba, siku kundi lilipoondoka Rivendell. Yeye alikuwa Mkatoliki. 25 Desemba haihitaji maelezo, na 25 Machi ni sikukuu ya Malaika Gabrieli kumpasha Mariamu habari. Uingereza ilianzia mwaka wake wa kisheria siku hiyo hadi 1751. Gandalf akisema Mwaka Mpya wa Gondor utaanza 25 Machi, Mwingereza anayejua historia yake anaitambua tarehe hiyo.

Safu ya Kaskazini haichukui muda. Lórien ilishambuliwa mara tatu, 11, 15 na 22 Machi. Thranduil, mfalme wa Waelfi, aliwafukuza maadui chini ya miti ya Mirkwood tarehe 15, siku ileile ya Pelennor. Tarehe 17 mfalme Brand na mfalme Dáin waliuawa katika vita vya Dale, na watu wao wakazingirwa ndani ya mlima hadi 27 Machi. Riwaya inayapita haya kwa maneno machache, lakini andikeni; yanaonyesha kwamba Sauron alipiga pande zote kwa wiki moja, na kwa nini hakuna msaada uliotoka kaskazini zaidi ya Dúnedain 30, watu wa kabila la Aragorn, na wana wawili wa Elrond, bwana wa Rivendell, waliomfikia Aragorn tarehe 6.

Kwa mwaka uliobaki, ukurasa mmoja wa daftari unatosha, bila safu. Mahobiti wanatuzwa Cormallen 8 Aprili. Aragorn anavikwa taji 1 Mei na kumwoa Arwen Siku ya Nusu ya Mwaka, ile isiyo na siku ya juma. Théoden anazikwa kwao Edoras 10 Agosti. Saruman, mchawi aliyeasi, anafika Shire 22 Septemba, siku Bilbo anapotimiza miaka 129. Mahobiti wanne wanafika daraja la Brandywine 30 Oktoba usiku, na 3 Novemba kunapiganwa vita vya Bywater: mahobiti 19 wanakufa, majambazi karibu 70. Vita vilivyoanza kwa majeshi ya maelfu vinaishia mlangoni pa nyumba ya Frodo, na hiyo ndiyo tarehe ambayo orodha inaiita mwisho wa vita. Wale 19 wasisahauliwe mkikaa kujadili, kwa sababu filamu zimewaacha.

Acheni pia nafasi nyembamba pembeni mwa ukurasa huo kwa ajili ya tarehe zinazorudi. Frodo alichomwa kisu Weathertop 6 Oktoba 3018. Tarehe 6 Oktoba 3019, akivuka kivuko cha Bruinen kurudi nyumbani, maumivu yanamrudia kwa mara ya kwanza. Anaugua tena 13 Machi 3020, siku aliyotekwa baada ya sumu ya Shelob, na tena 6 Oktoba mwaka huo, na tena 13 Machi 3021. Tarehe 29 Septemba 3021 anapanda merikebu na kuondoka, wiki moja kabla ya Oktoba nyingine kumkuta. Kwa kalenda ya Shire 6 Oktoba ni Alhamisi kila mwaka, na 13 Machi ni Jumanne kila mwaka. Ziandikeni na siku zake za juma.